Elvanise Dorcélus na Mwanamke Aliyevaa Koti Lake

Padre, ndugu waombolezaji, majirani wa Mòn Kalbas, nanyi mliopanda mlima tangu alfajiri kutoka mjini Jérémie, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Huu ni wasifu wa pili wa marehemu shangazi yangu, Elvanise Dorcélus, ninaousoma mbele yenu. Wa kwanza niliusoma hapa hapa Jumamosi tarehe 8 Oktoba 2016. Nililia, nanyi mkalia, na marehemu mwenyewe alipokuja kuusoma baadaye alinisahihisha makosa manne, likiwamo la mwaka wake wa kuzaliwa. Leo nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1949, hapa Mòn Kalbas, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Théolien Dorcélus na Bi Anacia Jeudi. Kimbunga cha Oktoba 1954 kilimkuta baba yake kwenye mibuni yake, na mwili wake haukuonekana tena. Mama yake aliendelea kumpakulia chakula mwaka mzima, sahani ikakaa mezani hadi ikapoa. Shangazi alizoea kusema kwamba alijifunza mapema kuwa mtu asiye na kaburi hatulii, wala wa kwao hawatulii.

Mwaka 1957 alianza shule kwa masista wa Jérémie. Aliteremka kila Jumatatu mwendo wa saa nne, viatu mkononi, akavivaa langoni. Aliishia darasa la sita mwaka 1964, mama yake alipougua kifua. Alirudi nyumbani na kitu kimoja ambacho hapa kwetu hakuna aliyekuwa nacho: mwandiko mzuri kupita wa paroko. Kijiji kizima kikamfanya karani wake. Aliandika barua za kuomba kazi, za kugombana na ndugu walioko ng'ambo, na za mapenzi.

Ni barua ya mapenzi iliyompa mume. Mwaka 1970 kijana Mérilus Saintil alimwomba amwandikie binti mmoja wa bondeni. Shangazi akaandika kweli tupu: kwamba Mérilus ni mchapakazi, kwamba anakoroma, na kwamba hukasirika akiwa na njaa. Binti hakujibu. Mérilus alipokuja kulalamika aliambiwa, "Mimi nimekwisha kuisoma hiyo barua, na bado sijakimbia." Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1971, wakajaliwa watoto wawili, Jacquelin na Mirlène. Mérilus alijenga kaburi la familia, kijumba chenye mlango, kwa mawe na saruji kabla hajamaliza jiko, kama wanaume wa kwetu wote. Alitangulia kuingia humo mwaka 2003.

Kazi ya maisha yake ilianza mwaka 1987, parokia yetu ilipofunga ushirika na parokia ya Val-Sainte-Odile, huko Kanada kwenye ngano na theluji. Wao walitusaidia madawati, dawa, bomba la chemchemi na makoti ya mvua. Sisi tuliwaombea kwa majina kila Jumapili, nao wakatuombea sisi. Shangazi ndiye aliyekuwa mwandishi wa ushirika huo kwa miaka ishirini na tisa. Upande wa pili aliyeandika alikuwa Bi Laurette Charrier, mkulima, mjane. Hawakuwahi kuonana. Waliambiana mambo ambayo mimi, niliyelelewa na mmoja wao, sikuyajua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu hapa analijua na wengi mngependa nilipite haraka. Sitalipita.

Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2016 marehemu aliteremka na bahasha ya barua za watoto kwenda Jérémie. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza. Pale kwenye kivuko cha mto alikutana na mwanamke asiyemfahamu, ameloa, anatetemeka. Shangazi alivua koti lake la mvua, lile la buluu la kwaya ya Val-Sainte-Odile ambalo alikuwa amelishonea jina lake kwenye ukosi kwa uzi mwekundu, akampa. Yeye alikuwa na kipande cha turubai. Waliagana hapo, Shangazi akavuka. Siku iliyofuata kimbunga kilikuja, nacho hamhitaji niwaelezee.

Ijumaa mto ulileta mwili. Uso haukuwa wa kutambulika. Koti lilikuwa la Shangazi na jina lilikuwa la Shangazi. Tulimzika kesho yake ndani ya kaburi, pembeni ya Mérilus, na jina lake tukalichonga mlangoni. Watoto saba wa ukoo tuliwapitisha juu ya jeneza, kutoka mkono hadi mkono, ili marehemu asiwafuate. Mzee Prévilon, mwenyekiti wa kamati ya ushirika, aliwapelekea Wakanada habari kwa simu ya watu wa misaada: Elvanise ametutoka, na shule haipo tena.

Jumapili tarehe 16 ilikuwa siku ya tisa, sala ya mwisho. Tulikuwa tumekaa uani kwake, mchana kweupe, tunaimba. Punda akaingia na mwanamke juu yake, mguu umefungwa vijiti. Mchunga mbuzi wa ng'ambo ya mto ndiye aliyekuwa amemhifadhi pangoni, mguu umevunjika, maji hayavukiki. Wimbo ulikatika sauti moja moja, hadi akabaki Bi Saintanise peke yake, ambaye haoni vizuri.

Shangazi alitutazama tulivyovaa nyeusi. "Jamani, nani amekufa?"

Nilimjibu mimi, maana nilikuwa karibu. "Wewe, Shangazi."

"Nani kasema?"

"Koti lako."

Aliteremka kwenye punda, akakaa chini kwenye vumbi, akaanza kulia. Nilidhani analia kwa furaha ya kurudi. Nilikosea. Alikuwa anarudia maneno yaleyale: "Sikumuuliza jina. Nimempa koti, sikumuuliza jina."

Wiki ile ya kwanza kila jirani alimletea chakula, na kila chakula kilikuwa kimejaa chumvi. Mfu anayetembezwa na wachawi akionja chumvi hujitambua akakimbilia kaburini kwake. Ndivyo tulivyofundishwa na mabibi zetu. Shangazi alikula yote. "Mliniua na koti," alisema, "sasa mnataka kuniua na presha?" Watu wakacheka, lakini wakaendelea kumtazama miguu. Wale watoto saba hawakukaa karibu naye tena.

Mwezi Novemba Wakanada waliandika. Walikuwa wamemwombea misa, na wangejenga shule mpya ya mawe, yenye jina la marehemu mlangoni. Watoto mia na themanini walikuwa wanasomea chini ya turubai. Kamati ilikutana nyumbani kwa Shangazi, naye akawakaangia ndizi.

"Mama Elvanise," alisema Mzee Prévilon, "hakuna aliyekukataza kuishi. Ishi tu. Ila usiandike."

"Na aliye kaburini mwangu?"

"Huyo hana haraka."

"Ana watu wake, Prévilon. Wanampakulia chakula mahali. Nikitangaza redioni, watakuja."

"Ukitangaza redioni, Kanada nao watasikia kwamba wanamjengea mtu aliye hai. Hawatatuelewa. Acha kwanza paa lipande, mama. Paa tu."

Alinigeukia mimi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na darasa langu lilikuwa limelowa tangu asubuhi. Nilimwambia, "Shangazi, tusubiri paa." Nakiri mbele yenu na mbele ya Mungu kwamba nililisema hilo, na kwamba ni kwa ajili yangu alikubali.

Alinyamaza miezi kumi na sita. Tarehe mbili Novemba, majina ya marehemu yaliposomwa kanisani, lake lilisomwa, naye yupo kwenye benchi, kichwa ameinamisha. Alifagia kaburi kila Jumamosi na kumsalimu mpangaji wake. Watani walimwambia Mérilus sasa ana wake wawili. "Mwacheni," alijibu, "na huyo naye aonje kukoroma." Lakini mvua ilipoanza kunyesha hakutania. Alisema analisikia koti likichakarika nje ya mlango, kama mtu anayekung'uta maji kabla ya kuingia kwa watu. Alikuwa anasema, "Karibu, mama," na hakuna aliyeingia. Mwezi Mei 2017 nilikuwa kwake na mvua ikaanza. Nililisikia. Nilifungua mlango, uwanja ulikuwa mtupu, na kizingiti kilikuwa kimelowa kwa upande wa ndani. Sisemi zaidi ya hapo.

Paa lilipanda vyumba viwili kati ya vitatu. Jumapili tarehe 11 Machi 2018 Wakanada watano walikuja kubariki shule, na Bi Laurette akiwa mmojawao, na miaka yake themanini. Kamati ilimwomba Shangazi aende Jérémie siku tatu. Aliondoka Ijumaa. Alifika kwenye kivuko, akakaa pale juu ya jiwe hadi jioni. Kisha akarudi.

Bi Laurette alikuwa amesimama mbele ya altare na karatasi, anasoma habari za rafiki yake marehemu, Shangazi alipoingia kwa mlango mkubwa. Alitembea taratibu hadi katikati.

"Laurette," alisema. "Mimi ndiye."

Bi Laurette aliikunja karatasi yake. "Elvanise amekufa," alisema. "Nimewasha mshumaa wake mimi mwenyewe."

"Uliniandikia kwamba mumeo alikuwa na kisukari na alificha pipi ndani ya kofia yake ya ibada. Ulisema hujamwambia mtu mwingine."

Bi Laurette alikaa chini palepale, kwenye ngazi ya altare. Kiongozi wao, bwana mmoja mrefu, alisimama uso umemwiva kwa hasira. "Kwa hiyo hakuna maiti? Tumejenga kwa ajili ya maiti ambaye hayupo?"

"Maiti yupo," alisema Shangazi. "Mmemwombea vizuri na Mungu awalipe. Ila si mimi, na jina lake silijui." Akawasimulia habari za koti.

"Ulimpa koti, usimuulize jina?" aliuliza Bi Laurette.

"Mvua ilikuwa inanyesha, dada yangu. Nilikuwa na haraka ya kutenda wema."

Bi Laurette aliinamisha kichwa. "Na sisi tulituma makoti arobaini," alisema.

Kweli hiyo ilitugharimu. Kibao cha shule kiliteremshwa siku ileile, na barua zilikoma mwaka mzima na zaidi. Chumba cha tatu hakina paa mpaka leo, na wapo hapa uwanjani wazazi ambao hawakumsalimu marehemu tena hadi anakufa. Siwalaumu sana. Njaa ya shule nayo ni njaa. Barua iliyokuja hatimaye, Juni 2019, ilikuwa ya Bi Laurette peke yake. Aliandika kwamba parokia imegawanyika, ila waliobaki wanamwombea kila Jumapili mwanamke wa koti, na wanauliza kama amepata jina. Waliuliza kila mwezi. Bi Laurette alifariki mwaka 2021, na binti yake anaendelea kuuliza.

Shangazi alitangaza redioni. Alipeleka karatasi masokoni, makanisani na kwenye mahekalu ya mizimu pia, akisema aliyepotea hana dhehebu. Familia tatu zilipanda hapa. Walitazama koti, ambalo tulikuwa tumelihifadhi, wakatikisa vichwa, na yeye akawapikia wote na kuwasindikiza hadi kivukoni. Kila aliyefika, Shangazi alimuuliza jina kabla hajampa hata maji.

Mwezi Agosti mwaka huu alipata kiharusi. Mkono wa kuandikia ulikufa kwanza, jambo lililomuudhi kuliko mauti yenyewe. Alitunzwa na Mirlène, na alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 24 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne. Mvua haikuwa inanyesha.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini kaburi la Mérilus halijafunguliwa, na kwa nini tumechimba udongoni, huku nje ya ukuta, kama kwa mtu asiye na kwao. Si ubahili wa wanawe. Ni agizo lake. Nilimsihi mimi mwenyewe, nikamwambia mna nafasi, alale na mumewe. Alinijibu kwa ule upande wa mdomo uliobaki: "Osner, nikiingia mle, mlango utakuwa umesema kweli. Nani atamtafuta tena?" Alhamisi tulifuta jina lake kwenye mlango wa kaburi kwa patasi, kama alivyotaka. Na msalaba huu mnaouona hauna maandishi kwa sababu alikataa kuandikwa kabla ya mwenzake.

Aliniachia maelezo haya, aliyokuwa akiyarudia kila siku asije akayasahau. Mwanamke wa miaka thelathini hivi. Mwembamba, mwanya kwenye meno ya juu, kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Alikuwa anateremka, hapandi. Alikuwa na kikapu chenye kuku mmoja mweupe, na alipovaa koti alicheka kwa sababu mikono ilikuwa mirefu. Alisema, "Mungu akuone." Basi.

Marehemu ameacha watoto wawili, Jacquelin aliyeko Chile na Mirlène wa Jérémie. Mkwe mmoja, wajukuu watano, na mimi mtoto wa kaka yake, Osner. Ameacha pia mtu mmoja kaburini kwa mumewe, ambaye sasa ni wetu kumtunza. Kama umemtambua katika maneno haya, usiondoke leo bila kuniona. Nimesimama na rangi na brashi, na misalaba miwili inangoja.

Mungu, anayewajua wote wawili kwa majina, awapumzishe kwa amani.