Mtungi wa Mbele

Benchi la Mumin liko Mbotela, mahali ambapo njia ya vumbi inaachana na nyumba za zamani za kanjo, baraza la jiji. Ni ubao mmoja tu juu ya mawe mawili, na hapo Mumin huuza kahawa yenye tangawizi nyingi. Mbele ya benchi kuna mfereji wa mtaa, na mbele ya mfereji kuna foleni. Watu hawasimami katika foleni hiyo, mitungi yao ndiyo husimama. Kila mtungi una alama yake: uzi mwekundu, kamba ya kiatu, herufi zilizoandikwa kwa rangi ya kucha. Sheria ni moja, na kila mtu anaiheshimu. Mwenye mtungi wa mbele ndiye hufungua mfereji. Ukiugusa kabla ya zamu yako, mtaa mzima utakuuliza umetoka wapi.

Jumamosi hiyo tulikuwa tumekaa siku kumi na moja bila maji. Mimi nilikuwa nimeketi mwisho wa benchi, na binti yangu Muhonja alikuwa amelala mapajani pangu. Nilikuwa nimepata kazi ya kupakia mikate, nianze Jumatatu, lakini nije bila mtoto. Chekechea ya kaunti ilikuwa imefungwa, kwa sababu tangi lake hujazwa na sisi wazazi, mtungi kwa mtungi, kutoka mfereji huo huo. Mwalimu Carolyne, anayekaa nyumba ya jirani na chekechea, alisema akisikia maji tangini, atafungua mlango. Kwa hiyo Jumatatu yangu ilikuwa imefungiwa ndani ya mfereji.

Mimi huwa siongei benchini. Husikiliza tu.

— Maji iko, alisema Injini. Jina lake ni Oketch, na alipaka magurudumu ya treni grisi miaka thelathini. 

— Shida ni uzito, akaendelea. Mmeona ghorofa za Kware? Kila wiki inaota ingine. Jiji limeinamia upande huo. Sasa maji itafanya nini? Inateremka.

— Ati jiji limeinama? aliuliza Diwani. Yeye ni Wanyonyi, aliyesimama kura mara mbili akaanguka mara mbili, lakini watu bado humletea malalamiko.

— Enda kwako uweke chungwa chini, uone litabingirika wapi.

— Buda, kwako linabingirika kwa sababu ile sakafu ulimwaga wewe mwenyewe.

Mumin alicheka akawaongezea kahawa.

— Nisikizeni mimi, Diwani akasema. Hii ni maneno ya hesabu. Watu wa kaunti walikuja kutuhesabu mchana. Na mchana nani yuko? Kila mtu yuko kibarua. Walipata Mumin, na mashati mawili kwa kamba. Kwa mbali, shati ni mtu. Wakaandika: wakaaji watatu.

— Haki ya nani!

— Sasa tunatumiwa maji ya watu watatu. Na wawili ni mashati.

— Basi yangu iko wapi? aliuliza Mumin.

— Ulikunywa. Si ndiyo hii kahawa?

Mumin aliweka birika lake chini. Yeye huongea polepole, kama mtu anayemimina.

— Mimi naona maji imeogopa, alisema. Kila ploti wanachimba msingi, gu-gu-gu, asubuhi mpaka jioni. Kitu ukikipigia kelele kinaingia ndani zaidi. Nyanya yangu alikuwa anaimbia kisima kwanza, ndiyo ashushe ndoo.

— Basi imba, mzee.

Akaimba kidogo, kwa Kisomali, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Mvuke wa kahawa ulipanda ukakaa hewani. Nikayaona maji chini ya barabara, yamejikunja ndani ya bomba, blanketi limefika masikioni. Muhonja aligeuka mapajani pangu, akaendelea kulala.

— Sasa niwaambie ukweli wenyewe, Diwani akanong'ona. Nilifika ofisi moja nikaona ramani kwa ukuta. Mtaa wetu umepakwa rangi ya bluu. Na bluu kwa ramani ni nini?

— Ni maji, alisema Injini.

— Karani akiangalia anaona ziwa. Wewe utapelekea ziwa maji?

Injini aliweka kikombe chini taratibu. Yeye ni mtu wa ziwani.

— Ndiyo maana kila usiku naota nikiogelea, alisema.

Hakuna aliyemcheka. Hata mimi nililiona ziwa hilo. Niliona samaki wakipita kati ya nguo zilizoanikwa, na benchi letu likielea, na Muhonja akiogelea kwenda chekechea, mkoba kichwani.

— Sasa? Hamjambo? aliuliza mwanamke aliyefika na mtungi mkononi. Mimi ni Winny, nimehamia jana kutoka Huruma. Mtungi naweka wapi?

— Nyuma kabisa, dada, alisema Diwani. Karibu ziwani.

Winny aliweka mtungi wake mwisho, kisha akatembea kando ya foleni hadi mbele. Mtungi wa mbele ulikuwa wa bluu, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa soksi. Buibui alikuwa amefunga utando kutoka mpini wake hadi kwenye mfereji.

— Na huu wa soksi ni wa nani?

— Wa Injini, alisema Diwani.

— Wangu? Wangu ni ule wa kamba ya kiatu. Huo ni wa Mumin.

— Mimi nina ndoo, alisema Mumin.

— Sasa nani hujaribu mfereji asubuhi? aliuliza Winny.

— Mwenye mtungi wa mbele, walijibu wote pamoja.

— Ambaye ni nani?

Mumin aliinamisha birika. Zilitoka chembe za tangawizi tu.

Kila asubuhi nilikuwa nikichungulia dirishani. Nikiuona mtungi wa soksi haujasogea, nilisema moyoni, leo pia hakuna maji. Kumbe mtaa wote ulikuwa ukichungulia hivyo hivyo.

— Si mtu afungue tu? aliuliza Winny.

— Si zamu yetu, Injini akajibu kwa sauti ndogo.

Nilisimama. Nilimweka Muhonja mapajani pa Diwani, naye akamkumbatia kama sanduku la kura.

— Jumatatu ninaenda kazini, nilisema.

Nilikata utando wa buibui, nikazungusha. Mfereji ulilia, ukakohoa, ukatema kutu, ukanyamaza. Kisha maji yakaja.

Tulijaza kwanza mtungi wa soksi, kwa sababu ulikuwa wa mbele. Ulipojaa, hakukuwa na wa kuuchukua. Winny alishika upande mmoja wa mpini nami nikashika mwingine, tukaupeleka chekechea. Muhonja alitufuata nyuma, macho bado yana usingizi, ameibeba soksi. Huko nyuma Diwani alikuwa akipiga kelele:

— Si niliwaambia ni ziwa!

Maji yalipogonga chini ya tangi tupu, dirisha la jirani lilifunguka. Mwalimu Carolyne alitoka miguu mitupu, ufunguo mkononi.