Mama Kavugho na Msitu Uliofagiwa

Tarehe 31 Julai 2025 Mama Godelive Kavugho anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha biolojia katika chuo chetu cha kilimo hapa Butembo. Wengi wetu tulikuwa wanafunzi wake kabla ya kuwa wenzake, na mpaka leo akiingia ofisini tunakaa wima bila kujijua.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni nyumba ya vioo kwenye mteremko nyuma ya maabara. Aliichora mwenyewe: nyumba iliyofungwa kabisa, inayojitegemea kwa maji, hewa na chakula. Mtu anaweza kuingia kuangalia, lakini haingizi kitu wala hatoki na hata kiazi kimoja. Sehemu ya chini imechimbwa ardhini, kuna baridi, na humo mna viazi na kabichi kama kule Kipese, juu milimani. Katikati ni bwawa la samaki na matete. Juu, penye jua kali, kuna joto kama la Beni kule bondeni, na msitu mdogo wa migomba na kakao. Mvuke wa bwawa hupanda, hugonga vioo, kisha hudondoka kama mvua. Wenzetu wa Beni walijivuna kwamba humo mji wao uko juu ya Kipese. Mama Kavugho aliwaambia wafurahie wakiwa ndani, maana nje milima haijahama.

Februari 2023, kabla ya kufunga milango mbele ya wageni, intendant wetu, msimamizi wa mali ya chuo, Bwana Kasonia, aliita salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Huyu ni mtu ambaye jani likianguka uwanjani hulitazama kama mhalifu. Kila mfanyakazi alikuja na ufagio. Majani makavu chini ya kakao yalitolewa yote, na vigogo vya migomba vilivyooza vikatupwa. Msitu uling'aa, wageni wakapiga makofi, na Mama Kavugho mwenyewe akafurahi, kwa kuwa naye ni mama wa Butembo, asiyelala kabla uwanja haujafagiwa.

Viazi vilistawi na samaki wakazaana, lakini kakao ikawa inatoa maua na kuyaangusha tu. Msimu baada ya msimu, hakuna tunda. Kamati ya chuo ikachoka, ikaamua: kakao isipozaa kabla Mama Kavugho hajastaafu, nyumba itageuzwa depo ya saruji. Tuliumia sana kwa ajili yake.

Mwishoni mwa mwaka jana alishuka Beni, kwenye shamba la kakao la kaka yake. Alikanyaga majani yaliyooza, miguu ikazama, na vijidudu vidogo vikamrukia usoni. Alirudi ameshika kichwa: "Bandugu, tulifagia pori! Pori hapana kufagia!" Vijidudu hivyo ndivyo vinavyobeba unga wa maua ya kakao, na huzaliana katika uozo ule ule uliotupwa kwa bidii.

Njia rahisi ilikuwepo. Phinées, mwalimu atakayemrithi, alishauri wayapake maua unga huo kwa brashi, kamati ione matunda na mambo yaishe. Mama Kavugho alikataa katakata. "Lakini siku nitakuwa nimeenda, nani atafanyaka kazi ya kadudu?" Akafungua milango, akaingiza majani yaliyooza na vigogo vya migomba kutoka Beni, akafunga upya. Mwezi wa tano alienda likizo yake ya mwisho, shambani kwake Vuhovi, kakao ikiwa bado tupu.

Wiki iliyopita kamati ilikuja na fundi wa kupima depo. Phinées alitangulia kuingia, nasi tukamsikia akicheka peke yake. Kwenye mashina ya kakao kulikuwa na matunda mabichi ya ukubwa wa kidole, na hakuna mkono wa mtu uliokuwa umeyasaidia. Fundi alirudi kwake bila kupima chochote, nyumba inabaki. Tulimpigia Mama Kavugho simu kwa kelele. Alilia kidogo, kisha akasema: "Aksanti, bana bangu. Sasa mufunge mulango."

Mama, asante kwa kutufundisha, kutugombeza na kutuvumilia. Upumzike vizuri Vuhovi, Mungu akupe afya, na shamba lako likupe maharage ya kutosha na ya kugawia majirani. Nyumba yako sasa inaweza kuishi bila wewe, na ndivyo ulivyotaka. Sisi bado hatujafika hapo.