Nusu Kidonge

Kijiwe cha kahawa nje ya duka la saa kina desturi yake: anayetoka kliniki huweka dawa zake benchini, wenzake wazione na kuzitolea hukumu. Asubuhi hiyo Fundi Saa, mzee wa miaka sabini na minne, alitoa vidonge vyake, kisha akatupia jicho pakiti mbili nono za Kinyozi, ambaye hata hamsini hajafika. Wivu ukamshika. Ugonjwa uleule wa sukari, daktari yuleyule, lakini mwenzake kaongezewa dawa na yeye kapunguziwa mpaka nusu kidonge.

— Eti sukari yangu ikipanda kidogo si neno, akalalamika. Yako ishuke barabara. Mimi nimeshafutwa?

— Hakukwambia sababu, mzee wangu? Kinyozi akauliza.

— Umri. Figo zimechoka. Na dawa za moyo ninazomeza. Visingizio tu.

Dereva wa lori, asiyekosa jibu, akasema dawa kali hupewa wanaofanya kazi wamesimama, na saa hutengenezwa mtu amekaa. Mwashi akapinga: wanaangalia mvi, na Kinyozi hujipaka rangi. Dereva akadai basi kuna mashine mlangoni inayomnusa mgonjwa na kumkadiria miaka iliyobaki. Fundi Saa akacheka kwa shingo upande. Kilichomuuma ni kwamba Kinyozi bado alionekana mtu wa kupiganiwa.

— Nigawie viwili tu, akasema. Nijaribu.

Kinyozi akasita, lakini kijiweni kunyimana ni aibu. Akaanza kuvibandua.

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri saa yake, akasogea.

— Samahani baba, umewahi kuanguka?

— Mara moja tu, mwezi uliopita. Sukari ilishuka, nikaanguka bafuni. Huyu Kinyozi ndiye aliyevunja mlango.

— Nyumbani unaishi na nani?

— Peke yangu.

— Sasa ukimeza vidonge hivyo, sukari ikashuka tena wakati yeye yuko kazini, nani atajua?

Dereva akatazama kikombe chake. Mwashi akakohoa.

Kinyozi akarudisha vidonge mfukoni. Fundi Saa alimtazama, na wivu ulikuwa bado unamchoma. Akameza nusu yake kwa kahawa iliyopoa, kisha akatoa ufunguo wa akiba wa nyumba yake, akauweka benchini palipokuwa na dawa, mbele ya Kinyozi.