Bi Dominika, Aliyeipa Kila Spika Pumzi Yake

Sasa hivi mwanangu Rahel amebandika sikio kwenye kitambaa cha spika kubwa ya kushoto, ambayo hata haijawashwa, akanigeukia na kidole mdomoni: shii, kuna mtu kalala humu. Nimemwacha hapo hapo amlinde huyo mtu wake, nami niandike haya ya ubao wa matangazo kabla wageni hawajajaa.

Leo Jumamosi, tarehe 29 Juni 1996, Bi Dominika Ignasi anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika ukumbi wetu wa ushirika hapa Sumbawanga. Alianza kama mfagizi, akawa mshika funguo, mwisho akawa fundi wa sauti. Kamati imeamua aagwe kwa spika zake mwenyewe, na wa kuziwasha ni mimi, niliyeishia darasa la saba. Zikilia vizuri, kazi yake naachiwa. Zikigoma mbele za watu, zitauzwa, na muziki tutakuwa tunakodi Mbeya. Nayasema mapema, msije mkaniona natetemeka mkadhani ni baridi ya Ufipa peke yake.

Spika hizi aliziacha daktari mmoja mgeni aliporudi kwao Ulaya. Zilitengenezwa za sebuleni, mtu amekaa na kahawa yake. Sisi tukazisimamisha mbele ya kwaya na ngoma. Ni miaka ile milango ya biashara ya nje imefunguliwa, redio kaseti zinamiminika kutoka Tunduma, na vijana wa disko wanatunyang'anya harusi moja moja. Bi Dominika akawa anasimama katikati ya ukumbi, macho kayafumba, anasikiliza. Akagundua kwamba kila ngoma ikipigwa, sauti za akina mama zinazama, halafu zinaibuka tena zimechoka.

Alivyonieleza mimi nilielewa mara moja, maana ni mambo ya mama. Amplifaya moja inalisha boksi zima, besi ya sauti nene na twita ya sauti nyembamba pamoja, na kule ndani kuna kichujio kinachogawa sauti ikiwa imeshapewa nguvu. Ni sawa na kunyonyesha mapacha kwa ziwa moja. Mwenye nguvu, ambaye ndiye besi, anavuta, na mdogo anabaki analia. Dawa yake ni kukitoa kile kichujio, sauti igawanywe mapema ikiwa bado ndogo, kisha besi ipewe amplifaya yake na twita ipewe yake. Kila mtoto na ziwa lake.

Mwenyekiti wetu, Bwana Gabriel, alipomkuta na bisibisi, boksi liko wazi na sufu yake imetapakaa sakafuni, alishika kichwa.

“Dominika! Kitu cha Ulaya unakipasua kama kuku?”

“Kuku anayewika hapasuliwi, Mwenyekiti. Huyu hawiki.”

Jaribio la kwanza, lakini, lilimshinda. Aliwasha amplifaya kwanza na mashine nyingine baadaye, ukapita mshindo mmoja, twita ikafa papo hapo na harufu kama ya mahindi yaliyoungua. Kile kichujio alichokitoa ndicho kilichokuwa kinaikinga. Bertilla, kiongozi wa kwaya, hakumhurumia hata kidogo: “Haya, umetubakizia besi tupu. Sasa sisi tuimbe au tungurume kama lori la Kasanga?” Bi Dominika anaisimulia mwenyewe mpaka leo na kucheka hadi machozi. Twita nyingine aliletewa na Mzee Masalu, mfugaji, aliyekuwa anakwenda Tunduma kwa shughuli za ng'ombe. Alirudi nayo ameizungushia blanketi, ameipakata safari nzima kama mjukuu.

Safari hii twita aliitilia kapasita, mlinzi wake wa mlangoni, na akaweka sheria ambayo ameniimbisha mpaka naiota: amplifaya ni ya mwisho kuamka na ya kwanza kulala.

Halafu kwaya ikaimba. Mimi nilikuwa mfagizi mpya, Rahel yuko mgongoni. Ngoma ikaingia, na juu yake sauti ya Bertilla ikabaki imesimama, nyembamba, safi, kama moshi wa asubuhi juu ya mashamba ya ulezi wakati upepo umelala. Sikujua naisikia kwa masikio au kwa kifua. Rahel, aliyekuwa na homa ya meno na hajanipa usingizi, alilegea akalala. Madirisha yalikuwa wazi, na watu waliokuwa wanashuka njia ya Matai wakasimama na mizigo yao kichwani, hawajui wanamsubiri nani. Nilishika ufagio wangu nikawaza kwamba kumbe sauti nayo inaweza kupewa nafasi ya kupumua.

Tangu hapo harusi zilirudi. Mikutano ya wakulima ikasikika hadi viti vya nyuma. Nami akaniita mezani, akanipa waya na risasi ya kuchomea, akasema mkono uliozoea kumvika mtoto mchanga hauwezi kushindwa na waya. Niliunguza vidole. Alinipaka asali, tukaendelea.

Bi Dominika, kamati, kwaya na sisi wafagizi tunakushukuru kwa masikio yako na kwa uvumilivu wako. Unahamia Matai kulima, na shamba limepata mtu wa kulisikiliza.

Watu wamejaa sasa. Kwaya imejipanga. Mlangoni Bwana Gabriel anaita, “Fundi! Fundi, tuanze!” Nami kwa mazoea nimegeuka kumtazama Bi Dominika ainuke. Hakuinuka. Amekaa kwenye kiti cha mgeni rasmi, kitenge kipya magotini, ananitazama mimi. Bwana Gabriel naye, kumbe, ananitazama mimi. Anaita tena. Haya, nakuja, namalizia tu: Bi Dominika, uishi salama, mvua zikukute umeshapanda, na siku ukipita njia hii ukasikia akina mama wanaimba na ngoma haiwazamishi, ujue ni fundi uliyemfunza ame—