Ukuta wa Mtu Aliyehama Minto

Hebu sema wewe: mtu akiukimbia mtaa wenu angali kijana, asirudi hata kumzika mama yake, mtamchora ukutani? Watu wa mtaa wa Minto wamemchora. Herbert Quill, mpiga sinema wa enzi za filamu bubu, amejaa ukuta mzima wa ukumbi wa mtaa na kamera yake ya kuzungusha kwa mkono. "Our Herbert," wameandika. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi linalonyweshwa kahawa na flaski ya Balagizi, Rodrigue alimkodolea macho Herbert huyo kama mtu aliyekutana na mume mpya wa mkewe wa zamani. Ana digrii ya filamu, kazi hana, na ukumbi huohuo ulikataa kuonyesha filamu yake. "Not really a local story, mate." Filamu yenyewe inahusu benchi hili.

— Director, kunywa kahawa, alisema Balagizi, dereva wa forklift. Unashindana na maiti?

— Maiti ana ukuta! Mimi niko vivant, sina hata shift!

— Huyo msee alihepa, akadakia Owuor, Mkenya asiyekosa jibu. Aliiba farasi wa pasta.

— Farasi gani, bwana? akapinga Balagizi. Kwetu Uvira mtoto akitoka, anarudi kusalimia. Huyu mama yake alimlaani. Unafikiri filamu zake zilikosa sauti sababu gani?

— Basi na mimi nahama, akasema Rodrigue. Naenda Melbourne. Train haijafika hata Campbelltown hapo jirani, tayari mimi ni "Our Rodrigue".

Walicheka. Yeye hakucheka.

Njeri, nesi mgeni mtaani, alikuwa pembeni akingoja basi. Akageuka.

— Samahanini, hizo filamu za Quill nani amewahi kuziona?

— Hakuna. Ziliungua zote, akajibu Rodrigue, na sauti ikamponyoka kwa raha.

— Na yako je?

Kwa miezi mingi Owuor na Balagizi walimwomba awaonyeshe kwenye simu, naye akawabeua: c'est du cinéma, si ya kutazamwa kiganjani. Sasa raha ikamwisha. Yeye na Herbert, wote wawili, hakuna aliyeona kazi yao. Tofauti ni kwamba yake haijaungua.

Akavuka barabara bila kutazama magari, akaupiga mlango wa ukumbi kwa ngumi.

— Ninyi wenye funguo! Open up! Ukuta mwachieni Herbert. Mimi nipeni giza na viti, Jumamosi hii, nikiwa bado naishi hapa!