Hajati Wahiba na Ukuta wa Majina

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kwenye arubaini hii, karibuni tumkumbuke Hajati Wahiba Abdel-Mawgud. Tafadhali msikae kwa kununa. Yeye mwenyewe angeuliza ni nani kawakosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 hapa hapa Nagaa el-Tut, upande wa Esna, kusini mwa Misri, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Abdel-Mawgud, mlinzi wa mashamba ya miwa, na Bi Hamida.

Alianza shule mwaka 1953. Akiwa darasa la pili alichora bata kwa mkaa kwenye ukuta wa darasa, bata mzuri kweli kweli, kwa mujibu wake mwenyewe. Alichapwa, kisha akapewa kitambaa na maji amfute. Alimfuta bata lakini jicho akaliacha, na jicho hilo lilikuwa bado linatazama darasa siku alipotolewa shule, mwaka 1957, akamsaidie mama yake kuoka. Uchungu wa bata yule haukumtoka hadi uzeeni.

Tarehe 9 Septemba 1965 aliolewa na Bashandi Tawfik, dereva wa treni ya kubebea miwa, mtu mpole aliyefariki mwaka 1998. Walijaliwa watoto watatu: Refaat, Sabah na Gamal.

Kazi yake ilikuwa mkate wa jua, na nusu ya walio hapa wamekuzwa nao. Watoto waliotumwa kuununua walilazimika kungoja unga uumuke juani, na vidole vyao havikutulia. Ili wasimchokonolee unga, Hajati aliwapa kalamu za rangi na vipande vya makatoni ya chai. Walichochora alikibandika kwenye chumba cha wageni kwa uji mzito wa unga. Michoro ya kwanza ililiwa na mbuzi, ukuta mzima, kwa hiyo iliyofuata akaipandisha juu. Sharti lilikuwa moja tu: mtoto aandike jina na umri wake chini ya mchoro. Mgeni hakuonja chai kabla ya kuzungushwa chumba chote na kuambiwa huyu ni nani, wa nani, na kwa nini punda wake ni wa zambarau.

Refaat, fundi mwashi huko Kuwait, hakuipenda hali ile hata kidogo. Mwaka 2004 alirudi na picha kubwa ya maporomoko ya maji ndani ya fremu ya dhahabu, akataka makatoni yote yashuke. Mama na mwana walivutana wiki nzima. Mwishowe ukuta wa mashariki ukawa wa maporomoko, na kuta tatu zilizosalia zikabaki za watoto.

Mwaka 2009 Mungu alimjalia kuhiji. Kama ilivyo ada, Refaat alituma mchoraji aipambe nyumba kwa nje kwa michoro ya hija kabla mama hajarudi, akamwelekeza kwenye mlango wa kijani. Milango ya kijani ilikuwa miwili. Jirani yetu Mahrus alitoka asubuhi kwenda mnadani kuuza ndama. Aliporudi jioni alikuta Kaaba, msafara wa ngamia na pongezi za hija yake njema juu ya ukuta wake. Watu walimpokea kwa takbiri. Alikana mara mbili, ya tatu akaitikia. Yupo hapa leo na anacheka, kwa sababu mwaka 2014 alikwenda hija ya kweli, na ukuta ulikuwa tayari unamngoja.

Mchoraji alikuwa ameshakwenda kijiji kingine, na Hajati alikuwa anafika kesho yake, tarehe 8 Desemba. Ndipo mjukuu wake Nihal, anayewasomea wasifu huu, alipokusanya watoto wa mtaa na makopo ya rangi yaliyobaki. Raha ya siku ile haielezeki. Walichora Kaaba yenye madirisha na paka mlangoni, ndege ya abiria iliyobeba mikate juu ya mabawa, na Hajati mwenyewe, mrefu kuliko mnara. Kila mmoja aliandika jina na umri.

Refaat, aliyemleta mama kutoka uwanja wa ndege, alipouona ukuta alishika kichwa.

"Mama, Kaaba gani hii ina madirisha? Watu watatucheka. Kesho naleta chokaa."

"Aliyetoka Makka ni mimi au wewe?"

"Ni wewe, mama, lakini..."

"Basi tulia. Mungu anaijua nyumba yake, hatapotea njia kwa madirisha mawili."

Akasoma majina yote kwa sauti, moja moja, huku mahujaji wenzake wakipita nyuma yake. Kisha akalia.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofika. Aliomba kitanda kihamishiwe chumba cha wageni. Siku moja alimwambia Refaat, "Nikifa utapaka chokaa. Nakujua, nimekuzaa mimi." Refaat alimsawazishia mto tu, na sisi wote tukaogopa. Hajati aliaga dunia Ijumaa tarehe 6 Oktoba 2023, alfajiri, akiwa amezungukwa na michoro yake.

Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, jirani Haji Mahrus, na wachoraji wengi ambao sasa wana ndevu au wana watoto wa kubeba.

Wiki iliyopita Refaat alishusha magunia matatu ya chokaa mlangoni. Nihal alimpigia simu shangazi yake Sabah. Lakini Refaat aliupita ukuta wa nje bila kuugusa, akaingia chumba cha wageni, akayashusha maporomoko yake ya maji, na ukuta wa mashariki akaupaka mweupe pe. Kalamu za rangi ziko kwenye sinia moja na mikate. Watoto wakishakula, waingie wote, ukuta ni wao.

Wataukuta na mchoro mmoja tayari, bata wa mkaa aliyepinda shingo. Chini yake pameandikwa: Refaat, miaka 57.

Mungu amrehemu Hajati wetu, na ampe nyumba yenye kuta nyingi.