Mkono wa Kushoto wa Mzee Klachi

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kukaa nasi, familia imemtuma mdogo wake marehemu asome karatasi hii, naye anaomba radhi mapema akikosea tarehe, kwa sababu mtunza tarehe wa familia yetu ndiye huyu aliyelala mbele yenu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Klachi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baiskeli la baba yetu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, ambako alifaulu hesabu na kufeli karibu kila kitu kingine, kisha akaenda chuo cha ufundi na kuhitimu umakanika Desemba 1969.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, akakaa humo miaka thelathini na sita, na jina lake alilipatia humohumo, kwani basi likiingia getini, yeye akiwa amelala chini ya jingine, aliweza kusema klachi imeisha kabla dereva hajafungua mdomo. Magari ya otomatiki aliyadharau waziwazi, akiyaita vitanda vyenye taa.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili, na mwaka 1984 mkewe akalipenda gari moja la mwaka 1966, rangi ya chai ya maziwa, ambalo kwa bahati mbaya ya marehemu lilikuwa otomatiki. Alinuna wiki nzima, halafu akalinunua. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuthubutu kuwaambia mafundi wenzake, kwamba gari lisilodai gia humwachia dereva mkono wa kushoto bila kazi, na kwenye kiti cha kushoto alikaa mkewe. Kwa miaka thelathini na miwili, kila Jumamosi alasiri, walitoka bila kusema wanakwenda wapi, vioo vimeshushwa, gari likiteleza chini ya miti kama halina injini, mkono wake umelala ndani ya mkono wa mkewe, na nyuma watoto wakisinzia mmoja mmoja, hata binti yake anasema mpaka leo hajui kama safari zile zilitokea au aliziota.

Mkewe alifariki tarehe 8 Novemba 2016. Januari iliyofuata marehemu alilipandisha gari juu ya stendi uani, akashusha giaboksi ya otomatiki na kufunga ya gia za mkono, akakata sakafu ili mti wa kubadilishia gia upate pa kutokea, akafupisha shafti na kuongeza pedali ya tatu, kazi iliyochukua miezi kumi na moja. Binti yake alipoikuta giaboksi ya zamani chini ya turubai alimwambia, majirani wakisikia, kwamba anamng'oa mama yao kwenye gari, akaondoka na kwa muda mrefu hakukanyaga pale. Marehemu akarudi chini ya gari.

Kazi ilipokwisha gari likagoma kuwaka, na fundi mzima mwenye uzoefu wa miaka arobaini na saba akapekua betri, plagi na kabureta siku tatu, kabla hajakumbuka kwamba otomatiki ina swichi inayozuia injini kuwaka gia ikiwa imeingia, na kwamba nyaya zake mbili alikuwa ameziacha zikining'inia bila kuunganishwa. Alicheka sana, kisha akalia, akamweleza mdogo wake aliyekuwa akimpokeza spana kwamba tangu mazishi, kila akiendesha, mkono ule ulikwenda wenyewe kiti cha kushoto na kukuta kitambaa kitupu, akaona bora aupe kazi. Mdogo wake, ambaye hajawahi kutunza siri, aliifikisha kwa binti siku ileile, na Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 2017 binti akarudi, akaingia garini, akaomba afundishwe gia.

Alifundishika polepole mno, na marehemu hakuwa na haraka. Tarehe 3 Mei 2022 kiharusi kilimchukua upande wote wa kushoto, mguu wa klachi na mkono wa gia, na tangu hapo binti ndiye aliyeendesha kila Jumamosi, baba yake akiwa kiti cha mama, mkono wake wa kulia, ule mzima, juu ya mkono wa binti kwenye gia, akidai bado anamfundisha. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa usingizini.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi namba nne, wenzake wa karakana, na jirani wa ukuta wa nyuma aliyevumilia kelele za msasa na kukata bati mwaka mzima bila kununa. Tunawashukuru pia vijana waliochimba kaburi mara mbili, kwani la kwanza lilikuwa kushoto kwa mkewe, penye nafasi kubwa, na binti yake akakataa katakata, akataka baba alazwe kulia, ili mama awe upande wake wa kushoto.

Leo ni Jumamosi, kaka. Pumzika, na mkono nao upumzike pale ulipozoea.